Fundi wa Okidi na Mifuko Niliyomletea

Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka shule nikamkuta mama amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo lake la miezi saba. Akanambia, "Tata fundi amekufa. Leo asubuhi. Banamukuta ku kiti yake." Mimi nikacheka. Mnaonisoma kila wiki kwenye ubao wa gazeti letu la shule, pale karibu na ofisi ya prefe, mkuu wetu wa shule, hamtashangaa, mnajua kinywa changu. Tata fundi alikuwa jirani yetu, mtu wa kuchomelea mageti na madirisha, sudere kama tunavyosema, na ukuta mfupi wa matofali tu ndio uliotutenga naye. Mwaka huu nilimfanyia utani mmoja mbaya, akaniapia kwamba siku moja atanilipa. Nikadhani hiyo ndiyo siku yenyewe. Nikamwambia mama, "Umwambie haitoshi, ajaribu tena." Mama akaelekeza kidevu ukutani. Nikasikiliza upande wa pili wa ukuta. Mashine ya kukatia vyuma haikulia, redio haikuimba, na kulikuwa na wanawake wawili wanafagia uwanja ambao yeye hakuruhusu mtu aufagie.

Sasa nitawaambia kitu ambacho mtu mwenye akili asingekibandika ukutani. Kabla ya machozi, nilishusha pumzi. Mabega yalishuka, tumbo likalegea, nikawa mwepesi kama mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Kulikuwa na jambo ambalo katika mtaa mzima lilijulikana na watu wawili tu, yeye na mimi, naye alinipa mpaka Jumapili nimwambie mama. Sasa aliyejua alibaki mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Nikajiogopa. Nimewahi kuogopa malori yanayopita usiku na mchana bila kupunguza mwendo, nimeogopa mashimo ambayo wachimbaji wanayachimba mpaka chini ya vitanda vya watu, nimeogopa hesabu. Lakini sikuwahi kuogopa kitu kilicho ndani ya shati langu mwenyewe. Jambo lenyewe nitalifikia, msiniruke. Kwanza mumjue mtu.

Nusu ya uwanja wake ilikuwa vyuma, nusu ilikuwa okidi. Si yale maua ya nyuma ya kalenda, yanayotaka kukaa kwenye nyumba yenye baridi ya mashine kama wakubwa wa kampuni. Zake ni okidi za hapa hapa, zinazoishi juu ya miti ya porini, na alizipata kwa watu wa makala, wale wauza mkaa. Mnawaona kila asubuhi wakiingia kutoka njia ya Lubudi wanasukuma baiskeli, mifuko ya makala imepanda mpaka angani, miguu tu ndiyo inayoonekana chini. Mti ukishaangushwa ili uchomwe, okidi iliyokaa juu yake inaanguka nao, na wale watu walijua kwamba kuna mzee mmoja anazipokea. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeshamla macho, kwa hiyo alichagua kwa vidole. Siku moja, nikiwa juu ya ukuta, kwenye kiti changu cha kawaida, alikuja mmoja na mimea miwili.

"Tata, hii kwanza. Angalia vile iko kijani. Muzuri kabisa."

"Mi siangalie, mi nashika." Akashika jani, akalisugua polepole. "Hii uliitoa ku mushitu, ile pori ya karibu na maji."

"Nani alikuambia?"

"Jani yenyewe. Laini kama sikio ya mutoto. Hii ilizoea kivuli na mvuke wa muto. Hapa mwezi wa kumi itaiva kama majani ya sombe mu sufuria."

"Sasa niirudishe mpaka kule?"

"Umupe bibi yako, umwambie ni saladi."

Mtu wa makala akacheka mpaka baiskeli ikataka kumwangukia. Ya pili Tata fundi aliishika muda mrefu. Ilikuwa na mashina manene kama vidole vya mpishi, majani magumu yenye umanjano kidogo, na mizizi mingine imesimama juu kama sindano, inayokamata majani makavu yanayoanguka. "Hii ilikaa ku jua," akasema. "Muti wa pekee, mahali upepo unapita. Mashina imejaza maji yake yenyewe. Imekwisha kuona taabu, hii tutazoeana." Ilipochanua ilitoa maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na harufu ambayo mama aliisikia kutoka jikoni akauliza nani amenunua sabuni mpya.

Basi, utani wangu. Saluni jirani ilikuwa imetupa ua la plastiki, la zambarau, baya hata kwa plastiki. Nikalifunga kwa uzi mweusi kwenye shina la okidi yake kubwa, nikapanda ukutani kungoja. Akaja na kopo lake la maji. Vidole vikatembea: jani, jani, shina, vikasimama. Nilikuwa nimeuma shati nisicheke.

"Weye wa ku ukuta."

"Ndiyo, Tata?"

"Umeniletea ua isiyokunywa maji. Aksanti. Sasa uniletee na mutoto asiyesema."

Akaapa kwamba siku moja atanilipa. Ua lenyewe hakuliondoa. Mwezi mzima alilimwagilia lile la plastiki kwanza, kila asubuhi, akalisalimia, "Yambo, mama, umelala muzuri?" na mimi hakunisalimia. Ilifika mahali nikaanza kulionea wivu ua la plastiki. Siku nyingine nikajaribu tena, nikamwuliza tutazila lini hizo okidi zake. Akanijibu bila kugeuka, "Weye umeanza zamani. Kikanda ya mama yako inatoka wapi?" Ndipo nilipojifunza kwamba kikanda, ile tunayoipenda, inayopikwa na unga wa karanga mpaka inakatwa vipande kama soseji, ni viazi vya okidi za chini, zile zinazoota kwenye mabonde yenye maji. "Umekula familia yangu tangu ulipoota meno," akasema. Siku mbili kikanda haikupita kooni. Siku ya tatu ilipita, mi pia ni mtu.

Pole pole kukaa kwangu ukutani kukawa masomo, ingawa sisi wawili tungekataa neno hilo. Alinifundisha kwamba okidi hizi hazitaki udongo. Aliziweka ndani ya vikapu vya chuma alivyovichomelea mwenyewe, pamoja na vipande vya makala na matofali yaliyovunjika, ili mizizi ipate hewa. Maji ni asubuhi mapema, mzizi mweupe unapogeuka kijani umeshiba, uache. Mchana wa jua kali usiinyeshee mmea kichwani, maji yakisimama katikati ya majani yanapata moto na kuupika. Mwaga chini, sakafu itoe ubaridi. Mwezi wa sita na wa saba inalala, usiiamshe kwa maji kwa sababu tu wewe una huruma. Jani la kijani sana linaomba mwanga, jani lenye umanjano kidogo limeridhika, jani lenye doa jeusi ulishachelewa. Na mchana wa mwezi wa kumi, bati linapolia kwa joto, alikuwa anapita na kugeuza mkono, anaweka mgongo wa kiganja juu ya kila jani, kama vile mama zetu wanavyotupima malaria kwenye paji la uso. Jani likiwa na moto kuliko hewa, anaisogeza kwenye kivuli au kwenye upepo. "Joto si mwizi," aliniambia. "Joto inapiga hodi. Ukikufa na joto, ni sababu haukufungua mulango." Maneno hayo nayarudia hapa kwa sababu yalinidanganya. Niliamini kwamba kila kinachoua kinapiga hodi.

Mwaka huu joto lilipoingia, yeye alikuwa mgonjwa. Miguu ilivimba, hakuweza tena kwenda kukata majani ya kusuka kile kivuli alichokitandaza juu ya okidi. Cha zamani kilikauka, mbuzi wakala nusu, upepo ukachukua nusu. Nikaona jua linaipiga mimea yote, naye amekaa kwenye kiti chake anageuza uso upande ule kama mtu anayesikia mtoto analia. Nikaamua kufanya kitu kimoja bila utani. Nilikwenda nyuma ya depo moja wanakonunulia madini ya wachimbaji, wanakotupa mifuko iliyopasuka. Nikachukua sita. Ilikuwa myeupe ya nailoni iliyosukwa, na vumbi jeusi kwenye pembe, mahali pengine doa la kijani. Nikaikung'uta barabarani, nikapiga chafya, nikaikunja. Msiniulize kwa nini sikufikiri. Nyinyi nyumbani kwenu mnafikiri? Mahindi yetu yamelala ndani ya mfuko wa namna hiyo, bafu letu la nje limezungushiwa mifuko hiyo, muhogo unaanikwa juu yake. Katika mji huu mfuko ni mfuko.

Minne niliitandaza juu ya okidi. Tata fundi aliinua mkono, akapima usukaji wake. "Muzuri. Iko na matundu, hewa itapita," akasema, kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kunambia, "Leo umefanya kazi ya mutu muzima." Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ikanipa uinjinia. Ile miwili iliyobaki niliishona pamoja, nikaitega chini ya ukingo wa bati letu kama faneli, ili mvua ikianza maji yachujwe majani na vinyesi vya ndege kabla ya kuingia kwenye pipa la kunywa. Mama akapiga makofi. Mvua ya kwanza ikaja siku chache baadaye, mvua ile ya kupiga kelele, mtaa mzima tukatoka nje na mabeseni. Bomba letu lilikuwa linakohoa hewa wiki nzima. Pipa likajaa. Mama akasema maji hayo ni laini kuliko ya bomba, hayana harufu ya dawa, mtoto tumboni anayapenda. Akanywa kikombe juu ya kikombe, kila siku, kwa muda wa wiki mbili, na mimi ndiye niliyekuwa namtekea.

Jumatatu ya wiki iliyopita Tata fundi aliniita.

"Kuya hapa. Leta vidole."

Akachukua mkono wangu akauweka kwenye ncha ya mzizi. Ncha ya mzizi wa okidi inapokua ni kijani, imejaa, inang'aa kama chipukizi la maharage. Hii ilikuwa nyeusi, na nilipoigusa, ngozi yake ilivuliwa kama soksi iliyolowa, ikabaki kamba nyembamba ndani. Akaupeleka kwenye ncha nyingine, nyeusi. Nyingine, nyeusi. Zote zilizokaa chini ya mifuko. Mbili zilizoning'inia pembeni, chini ya ukingo wa nyumba, mahali mifuko haikufika, zilikuwa kijani, hazina shida.

"Joto haifanye vile," akasema. "Joto inaanza ku majani. Hii imeanza ku mizizi, mahali maji inapita. Ile mifuko uliitoa wapi?"

Nikamwambia.

"Uliifua?"

"Niliikung'uta."

"Ulikung'uta." Akatafuta kiti chake kwa mkono, akakaa. "Na mi nilishika kamba, sikushika vumbi. Wazimu bawili." Nilitaka kucheka, nikaona kwamba yeye hachekeshi. Kisha akainua kichwa kana kwamba mtu amemwita. "Ngoja. Ulisema mifuko sita. Hapa niko na ine."

Nikatazama bati letu.

"Ile mbili iko wapi?"

"Ku pipa yetu."

Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiogopa mbele yangu. Wanakasirika, wanalia kwenye misiba, lakini hofu wanaificha. Yeye hakuificha. Midomo ilikauka, akaipangusa. "Mama yako eko na kunywa mule?" Nikasema ndiyo. "Sasa, mbele ya kula, mbele ya kitu chochote, enda umwage. Yote. Na mifuko utoe." Nikamwambia nakwenda. "Kisha umwambie."

"Tata, umwambie weye."

"Hapana."

"Ataniua."

"Hatakuua, eko na kazi mingi. Sikiliza. Maji ya ku pipa utamwaga. Ile yenye ilishaingia mu tumbo utamwaga namna gani? Lazima muganga wa hospitali ajue, amupime, amuangalie yeye na mutoto. Na muganga hawezi kujua kama mama hajui." Akanishika bega, mkono wake ulikuwa mzito kama chuma. "Nakupa mpaka Jumapili. Misa ikiisha nitapita kwenu mi mwenyewe. Lakini ni muzuri asikie kwako. Ukikimbia hii, hatakuamini tena maisha yote."

Nilirudi nikalipiga pipa teke, likaanguka, maji yakaenda mpaka barabarani. Nikamwambia mama ni mpira. Nikapigwa kofi moja safi, nikalipokea kama dawa. Mifuko nikaizika nyuma ya nyumba. Nikadhani nusu ya kazi imekwisha, kumbe niliyoifanya ni ile nusu rahisi. Jumanne nilimkuta anachagua mchele, nikakaa mbele yake, nikafungua kinywa, na kinywa kikafanya kile kinachojua kufanya. "Mama, ukizaa mutoto wa kijani utamwita nani?" Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Nitamwita jina yako, ateseke naye pia." Nikatoka nje nikatapika. Jumatano nilimfuata mpaka kwenye kamba ya nguo, nikageuka na habari za mwalimu wa jiografia. Kila mara mtoto alipompiga teke akasema "ay!" mimi ndiye niliyeruka. Nililala nikiota mizizi. Alhamisi Tata fundi akafa kwenye kiti chake.

Na hapo hofu ikapata mtoto wa pili, kwa sababu siku bomba lilipokauka, yeye naye alikuwa ananiomba kikombe kutoka kwenye pipa letu, juu ya ukuta. Nilimwuliza binti yake, mkubwa wa nyumba ile, baba alikuwa anaumwa nini. Akasema moyo, miaka mingi, daktari aliwaambia wajiandae. Nimeyashika maneno hayo kama kamba. Lakini mimi si daktari, na hakuna atakayeniambia vikombe vile havikuongeza kitu. Nitaishi nalo, na ninyi mnaosoma mkiona siku moja nimenyamaza darasani, msifurahi mapema, huenda nimelikumbuka.

Jumamosi tukakaa kilio. Turubai la buluu, viti vya plastiki, wanaume nje wakizungumza bei za vitu, wanawake ndani na kwenye majiko. Nilikaa karibu na vikapu vya chuma vyenye mimea iliyokufa, kichwani sauti moja inarudia: hakuna anayejua, hakuna anayejua. Sauti hiyo ni tamu, mtu asiwadanganye. Nikaanza kuielewa. Si yangu peke yangu, ni sauti ya mji. Tumezaliwa juu ya shaba. Vumbi linalopita na malori tunalipangusa mezani tunakula. Mtu anarudi kutoka shimoni na viatu vyake anapita sebuleni, mfuko uliobeba jiwe kesho unabeba unga, na ukiuliza unaambiwa sote tulikua hivyo. Joto tunalilalamikia kila siku kwa sababu linatuchoma ngozi. Tumepanda miti ya kivuli, tumefungua madirisha, tunajua la kufanya. Hiki kingine hakituchomi. Hakina harufu kwenye kikombe. Kila mmoja ana nusu ya habari yake ameizika nyuma ya nyumba, na anangoja yule mwingine anayejua aondoke duniani.

Nilipoona hivyo nikasimama. Nikaondoa okidi moja kwenye kikapu chake nikaingia nayo jikoni kwa wanawake. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakoroga maharage.

"Mama, kuna kitu. Maji ya ku pipa ilikuwa na sumu ya madini. Ni mi niliyeiweka."

Wanawake wakacheka. "Huyu mutoto! Hata ku kilio!" Mmoja akanirushia kitambaa. Mama akasema, "Toka hapa na maneno yako, uheshimu mufu." Nikachukua mkono wake usio na mwiko nikaweka kidole chake kwenye mzizi. Ngozi nyeusi ikavulika. Nikamwambia moja kwa moja, depo, mifuko, mvua, vikombe, pipa nililolipiga teke, yote. Akainua macho akayatembeza usoni mwangu, polepole, akitafuta mahali ninapoficha kicheko. Alitafuta muda mrefu. Jikoni wakaweka miiko chini mmoja mmoja. Mkono wake ukanyanyuka, nikafumba macho nikangoja. Haukunipiga. Ulinishika kifundo cha mkono, ukakikaza.

"Tata fundi alijua?"

"Alijua. Alisema nikuambie mi mwenyewe."

"Kumbe mulikuwa munaniangalia tu," akasema. Akasimama akatangulia nyumbani, mimi nyuma yake.

Jumatatu tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo cha afya. Muganga, mama mmoja mnene mwenye miwani, alimlaza mama, akaweka ile pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, akaweka sikio. Akasogeza. Akasogeza tena. Sijui ilikuwa muda gani, najua tu kwamba sikupumua, na kwamba niliahidi mbinguni vitu ambavyo siwezi kuvitimiza, pamoja na kunyamaza. "Moyo unapiga," akasema. Mama akaanza kulia. "Mama, usilie bado, usifurahi bado. Mi siwezi kukudanganya. Mashine ya kuona hiyo kitu mu damu hapa haiko. Tutatuma damu mu mji mukubwa, tutangoja. Utakuya kila wiki. Sasa, ni nani anayejua muzuri hii habari?" Mama akaninyooshea kidole.

Aliniuliza tangu lini, vikombe vingapi kwa siku, vumbi lilikuwa rangi gani, mvua zilikuwa ngapi kabla ya pipa kumwagwa. Nilijibu kila swali. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Yeye aliandika kwenye fishi ya mama, karatasi yake ya matibabu, na nikaona kwamba vile nilivyosema ndivyo kalamu ilivyokwenda. Ile hofu iliyokuwa inanila tumbo wiki nzima ikawa mistari mitano ya kalamu ya buluu ambayo mtu anayejua kazi yake anaweza kuifanyia kitu. Haikuisha. Tunangoja majibu, mama anahesabu mateke, mimi nasikiliza. Ila sasa tunaogopa wawili, pamoja na muganga ni watatu, na kuogopa watu watatu ni tofauti sana na kuogopa peke yako ukiwa unacheka.

Alipomaliza kuandika akanitazama juu ya miwani. "Na mu mutaa wenu, mifuko kama ile iko ku nyumba ngapi?" Nikasema karibu zote. "Basi uko na kazi." Nimeanza. Nimepiga hodi kwenye nyumba tisa. Saba walicheka kabla sijamaliza, ni mavuno ya mdomo wangu, nimeyapanda mwenyewe. Nitarudi. Na kwenu ninyi wasomaji wangu somo ni hili, na marehemu angelisema kwa maneno machache kuliko mimi: kitu unachokijua na kinakutisha, kipeleke kwa anayeweza kukifanyia kazi, wakati anayekusukuma bado yu hai, na hata kama hayupo tena. Ukitaka kucheka, cheka, mimi pia ningecheka. Ukimaliza, nenda nyumbani ukaangalie pipa la mama yako.